Violini za Mama Doris

Mke wangu anaitwa Agatha, lakini hapa Gendabi wengi wanamwita Mama Mashine, kwa sababu mashine ya kusaga iliyoko njia panda ni yetu na anayeisimamia ni yeye. Mimi nalima. Nalima mahindi, maharage na mbaazi, nina ng'ombe wachache, na muziki siujui. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza mambo ya nota. Nimeishi na mwalimu wa kwaya tangu nikiwa kijana, na mpaka leo nikiimba kanisani ananigusa kiwiko nipunguze sauti.

Muziki alifundishwa na masista kule Mbulu, alipokuwa msichana wa shule. Kulikuwa na sista mmoja mzee wa kutoka ng'ambo, mwenye violini ya nyuzi tatu. Ule wa nne ulikuwa umekatika na hapakuwa na pa kununua mwingine. Jumapili mchana wasichana wakifua, sista yule alikaa barazani akapiga. Agatha anasema alisimama na nguo yenye sabuni mkononi mpaka ikamkaukia. Sijui kama ni kweli, maana akisimulia jambo la muziki huongeza chumvi. Ninachojua ni kwamba tangu hapo kila wimbo aliotunga, na ametunga nyingi, zinaimbwa hapa na huko Masakta na Hirbadaw, ulikuwa na violini kichwani mwake. Kwaya inaimba kwa kinanda, watu wanafurahi, yeye anarudi nyumbani amenuna kwa kuwa violini hazikuwepo.

"Mama Doris," nilikuwa namwambia, "hakuna aliyezikosa ila wewe."

"Ndiyo maana nachoka," ananijibu.

Halafu masikio yakaanza. Kwanza aliacha kusikia vifaranga. Anapita katikati yao, wanapiga kelele, yeye hana habari. Kisha simu ikawa inalia mfukoni mwake na wateja ndio wanaomwambia. Mashine ya kusaga si kitu cha kusimama kando yake kutwa, miaka yote hiyo, na pamba kidogo masikioni. Nilimwambia twende hospitali. Alikataa mpaka mavuno yaishe, na yalipoisha akakataa tena, nikamtishia kuifunga mashine kwa kufuli. Hapo akachukua kitenge chake tukaenda.

Daktari alimvalisha kitu masikioni, akampigia sauti moja moja, akamwambia anyanyue mkono akisikia. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Daktari alibonyeza, akabonyeza tena, na mkono wa mke wangu ulikuwa umelala kwenye paja. Nilitamani nimsukume, kama mtu anavyomsukuma mwanafunzi mwenzake aliyesinzia.

"Yanakufa kuanzia juu," daktari akasema. "Sauti nyembamba ndizo zinatangulia. Nzito zitafuata, taratibu."

"Violini ni nyembamba?" Agatha akauliza.

Daktari akatabasamu, nadhani alifikiri anataniwa. "Nyembamba sana, mama."

Alimshauri mambo mawili: aache mashine, na anunue vile vifaa vya kuvaa masikioni. Mashine hatukuweza kuiacha. Ndiyo iliyosomesha watoto, na mwaka mvua ikigoma ndiyo inayotulisha. Vifaa nikasema sawa, nitapeleka madume mnadani Katesh. Nilikuwa nayo mawili, makubwa, nimeyalea mwenyewe. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Baba Doris, hayo madume ukiyauza, ninunulie kompyuta."

Nilidhani amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa amelipanga jambo hilo muda mrefu pamoja na Wolfgang, mwalimu wa kwaya wa Hirbadaw, mtu mrefu mwenye maneno mengi. Wolfgang alikuwa amemwonyesha kwamba siku hizi mtu anaandika nota kwenye kompyuta, na kompyuta inazipiga kwa sauti za vyombo vya kweli, vilivyorekodiwa nota moja moja na wapigaji wa kweli. Violini, sello, tarumbeta, filimbi, orkestra nzima inakaa humo ndani. Unaongeza maiki, unawarekodi waimbaji wako sebuleni, unachanganya vyote. Agatha alitaka kuusikia Wimbo wa Mavuno, ule anaoupenda kuliko zote, kama alivyoutunga. Alitaka kuusikia na violini zake, japo mara moja, kabla masikio hayajafunga.

"Na vifaa vya masikio?" nikamwuliza.

"Vitanisaidia kusikia watu. Watu nimeshawasikia."

Nilikasirika, na sioni aibu kusema. Nilikasirika kwa kuwa mmoja wa watu hao ni mimi. Nilikaa na hasira hiyo wiki nzima, nikila bila kusema, naye akila bila kusema, mpaka ikawa inachosha kuliko kukubali. Nikayapeleka madume mnadani.

Basi ikaanza kazi ya kuchagua. Kama kuna mtu anafikiri kompyuta inachaguliwa kama jembe, unaishika, unaipima uzito, unaondoka nayo, aje aniulize mimi.

Wolfgang alikuja na laptopu yake tuone. Akaandika sehemu ya violini, zikalia, zikatoka kama nyuki ndani ya debe. Akaongeza sello. Akaongeza tarumbeta. Hapo ikaanza kukwama, inapiga kidogo, inasimama, inapiga tena, kama mtu mwenye kwikwi. Wolfgang akaeleza kwamba sauti zile lazima zikae zote kwenye RAM kwa wakati mmoja, na RAM ya laptopu yake ni ndogo. Orkestra ndogo inaingia, kubwa inabanana mlangoni. Na laptopu nyingi nyembamba, akasema, huwezi kuzifungua ukaongeza.

"Kwa hiyo ninunue ipi?" Agatha akamwuliza.

"Ya mezani, mwalimu. Lile boksi kubwa. Unalifungua, unaongeza RAM, unaweka diski ya kasi. Feni yake ni kubwa, haichemki haraka."

"Na umeme ukikatika?" nikauliza mimi. Hapa Gendabi umeme unakatika bila hata kuaga.

"Ukikatika, imezima," akasema Wolfgang. "Laptopu ina betri, hiyo haina. Kuna kale kabetri ka kuweka pembeni, lakini utanunua baadaye."

Mimi nikasema laptopu. Mke wangu akasema boksi. Tulibishana shambani, tulibishana kwenye mashine, yeye akiwa hanisikii kwa sababu ya kelele na mimi nikirudia kwa sauti ya juu mbele ya wateja. Gidamis, jirani yetu mfugaji, alikuwa amekuja kusaga mahindi ya wake zake. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akauliza hicho kitu tunachogombania kinatoa maziwa au hakitoi. Agatha alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye unga. Halafu akanigeukia, "Baba Doris, betri haipigi violini." Nikamwambia twende tukalitafute hilo boksi.

Tulienda Katesh kwenye duka la kijana anayeitwa Kelvin. Agatha akamwuliza maswali yake yote: RAM inaweza kuongezwa hadi wapi, diski ni ya aina gani, feni inapiga kelele kiasi gani, ina tundu la kuchomekea kadi ya sauti ya nje. Kelvin alimwangalia, akaangalia kompyuta, akaweka mikono mezani.

"Mama, nisikudanganye. Mimi hapa watu wananiuliza kama inacheza muvi."

Tukapanda gari tukarudi. Nilimpenda yule kijana kwa kutokutuuzia.

Mwishowe aliyetusaidia ni binti yetu, Doris, aliyeko Arusha. Ofisi moja ilikuwa inabadilisha vifaa, akapata boksi lililotumika, zito, jeusi, akalipeleka kwa fundi likaongezwa RAM mpaka likashiba. Akanunua maiki, kadi ya sauti, hedifoni na spika mbili. Zile sauti za orkestra alizipakua yeye huko huko, maana kwa bando za huku zingemaliza na dume la tatu kama ningekuwa nalo. Vyote vikaja na basi, vimefungwa kwa mablanketi kama mgonjwa. Nililibeba boksi kutoka barabarani begani, nikasikia kiuno changu kinaniambia umri wangu.

Ikabidi kuchagua pa kuliweka. Wazo la kwanza lilikuwa chumba cha mashine, kwa kuwa ndiko umeme ulikokuwa na nguvu, na hilo wazo lilikuwa langu. Wolfgang aliposikia alishika kichwa. "Mzee Yonas, hiyo feni inavuta hewa. Itavuta unga. Baada ya mwezi mtakuta ugali ndani." Tukaliweka stoo, upande wa pili wa ukuta wa sebule, juu ya viroba vya mbaazi, ili kelele ya feni isiingie kwenye maiki. Nikatoboa ukuta kwa mtaimbo, nyaya zikapita, kioo cha kompyuta na spika vikabaki sebuleni. Ukutani tukatundika mablanketi ili sauti isirudi. Nyumba ikawa haina pa kukaa mgeni. Nami nilikuwa nimechoka na mambo hayo kabla sijasikia hata nota moja.

Agatha alikuwa anatoka kwenye mashine jioni, anajikung'uta unga uani, ananawa mpaka kwenye viwiko, ndipo anaingia. Aliandika akianzia chini, kama mtu anayejenga. Alianza na besi kubwa, kisha sello, kisha tarumbeta, na kila akimaliza ananiita nisikilize. Nakumbuka sello zilipolia mara ya kwanza. Nilikuwa nakula. Niliweka kijiko. Sikujua kama kuna mbao duniani zinaweza kulia hivyo, na nikamwambia. Uso wake siku hiyo ulikuwa wa yule msichana wa sabuni.

Violini aliziandika mwisho, kwa kuangalia nota tu, akazifunga zisilie. Alisema anataka azisikie siku moja, zote, waimbaji wakiwa wameshaingia. "Kitu kitamu hakiliwi nusu nusu," akasema. Niliamini. Sasa nadhani alikuwa anaogopa.

Basi tukaanza kurekodi waimbaji, na hapo ndipo tulipokutana na jambo ambalo hata Wolfgang hakulifikiria. Salamu.

Kwetu mtu hapiti mlangoni pa mtu kimya kama mwizi. Anapiga hodi, anatoa shikamoo kwa aliye mkubwa, na mkubwa haachi shikamoo ikining'inia hewani. Maiki ile ilikuwa inasikia mpaka barabarani. Scolastica, soprano wetu, yuko katikati ya wimbo, nje mtu anasema "Hodi hapa," naye anajibu "Karibu" kwa nota ile ile aliyokuwa anaimba. Agatha anasimamisha. Wanaanza upya. Mzee Nicodemo, mwenye besi, ndiye aliyekuwa na matatizo zaidi, maana kwa umri wake kila mpita njia ni wa kumpa shikamoo. Alivaa hedifoni sikio moja, lingine akaliacha wazi, akisema mtu mzima hawezi kuziba masikio yote nyumbani kwa watu. Kila shikamoo ikiingia anaitikia, "Marahaba," kwa sauti nzito, katikati ya mavuno ya Bwana.

"Mzee," Agatha akamwambia kwa unyenyekevu, "leo tu usiitikie."

"Niache salamu ya mtoto wa mtu?"

"Mnyanyulie mkono."

Mimi nikapewa kazi ya kukaa njiani kuzuia watu. Lakini huwezi kumzuia mtu kabla hujamsalimu, na ukishamsalimu anakuuliza habari za nyumbani, za shamba, za mifugo, na kwa nini umekaa njiani. Salamu zangu zikawa zinaingia kwenye maiki kuliko za waliozuiwa. Agatha alinifuata akanirudisha ndani. Hasira zake siku zile zilikuwa fupi. Alisikiliza kila kipande mara nyingi, kichwa ameinamisha, na akikuta hodi ya mbali kabisa anafuta chote.

Siku ya zamu ya mwisho ya Nicodemo sikuwepo. Nilikuwa kwa ndama mgonjwa. Niliporudi nilimkuta mzee amemaliza, Wolfgang naye yupo, na Agatha anataka kutusikilizisha. Akafungua spika. Besi ya Nicodemo ikatoka, nzito, imetulia. Na katikati ya ubeti wa pili, kwa mbali lakini safi kabisa, nikasikia sauti ya Violeth, mke wa kijana wa jirani, anayetuletea maziwa. Violeth ana sauti nyembamba kama uzi.

"Shikamooni."

Nilimwangalia mke wangu nikingoja asimamishe. Hakusimamisha. Alikuwa anatikisa kichwa polepole akifuata wimbo. Wimbo ulipoisha akavua hedifoni shingoni.

"Safi," akasema. "Leo hakuna aliyeingia."

Wolfgang aliniangalia. Nicodemo alikuwa anageuza kofia yake mikononi, anaikagua kama ameiona leo. Mimi nikasema ndama anaendelea vizuri, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Nilikaa na neno hilo kutwa nzima kesho yake. Nilipalilia nalo. Nilikuwa najua kwamba nikimwambia shikamoo ya Violeth, nimemwambia na violini. Na nilikuwa najua kwamba nisipomwambia, atazifungua mwenyewe siku moja mbele ya kwaya yote, akae pale akingoja. Jioni aliporudi, kabla hajawasha, nikamwambia.

"Mama Doris, kwenye besi ya Nicodemo kuna shikamoo."

"Hakuna. Nimesikiliza."

"Ni ya Violeth. Ubeti wa pili."

Akawasha. Akaweka hedifoni, akasikiliza, akarudisha, akasikiliza. Akaongeza sauti mpaka mimi niliyesimama kando nikaisikia kutoka kwenye masikio yake. Nikamwonyesha kwa kidole pale kwenye kioo, kwenye ule mstari wa sauti unaotembea, palipokuwa na kilima kidogo mahali ambapo Nicodemo alikuwa anavuta pumzi. Akasogeza uso karibu. Akakiangalia kile kilima kwa muda mrefu.

"Nakiona," akasema. "Sikisikii, lakini nakiona."

Halafu akafanya nilichokuwa naogopa. Akafungua violini, zote, akazipiga peke yake. Chumba kikajaa. Mimi si mtu wa muziki, nimeshasema, lakini nilisimama pale na nywele za mikono zimesimama, na mke wangu amekaa mbele ya spika, mikono mapajani, kama siku ile kwa daktari. Mahali fulani, zikishuka, aliinua kidole kidogo. Zikapanda, kidole kikalala.

Nilitaka kuuma mtu. Nilitaka kumuuma Wolfgang, na daktari, na mashine, na mimi mwenyewe niliyekaa wiki nzima nimenuna. Nikaenda kumletea chai.

Niliporudi alikuwa anabonyeza. Alizishika violini zote, akazishusha chini, mbali sana, kwa kubonyeza mara moja tu. Akapiga. Zikatoka nzito, za kukoroma, zinatembea kwa shida, lakini wimbo ulikuwa ule ule. Akausikia wote. Nilijua anausikia, kwa sababu midomo yake ilikuwa inautangulia. Machozi yakamtoka akayaacha yapite kwenye unga aliokuwa hajanawa.

"Ndivyo," akasema. "Ndivyo nilivyokuwa naufikiria."

Kisha akazirudisha juu.

"Ungeziacha tu huko chini," nikamwambia. "Si umeuandika wewe?"

"Violini za chini ni trekta, Baba Doris. Watu hawawezi kuvuna kwa kelele hiyo."

Shikamoo hakuiondoa. Nicodemo alikuwa na mafua tayari, hawezi kurudia, na kuikata kungekata na pumzi yake. Wimbo ukapigwa kanisani Jumapili ya mavuno, kwenye spika kubwa, watu wamebeba maboga na ndoo za maharage. Ulipofika ubeti wa pili, Violeth akasema "Shikamooni" kutoka kwenye spika, na wazee wote wa mabenchi ya mbele, pamoja na akina mama wa upande wa kushoto, wakaitikia kwa pamoja, "Marahaba." Padri alificha uso kwa kitabu. Agatha aliusikia ule mngurumo, akanigeukia.

"Wameitikia nini?"

"Violeth," nikamwambia sikioni.

Akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali nikaona mabega yake yameshuka. Mstari wa mwisho wa wimbo ule vyombo vyote vinanyamaza na waimbaji wananyamaza, zinabaki violini peke yake, zinapanda mpaka zinaisha. Zilipoanza kupanda aliangalia mbele. Hakuniangalia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Zipo?"

"Zipo," nikasema.

Sasa ndiyo imekuwa hivyo. Jioni akitoka kwenye mashine, kabla jua halijazama, anaupiga mara moja. Hedifoni hataki, anataka spika. Anafumba macho, anaongoza kwa mkono wa kulia kana kwamba kwaya iko mbele yake, na mimi lazima niwe nimekaa kwenye kigoda. Mpaka ubeti wa pili anafuata sello na Nicodemo. Mwishoni ananiuliza, nami najibu. Mimi natoka shambani nimechoka, miguu inawaka, kuna jioni natamani nilale tu na wimbo huo usinifikie. Umeshaniingia mpaka napalilia nao. Lakini nakaa. Vifaa vya masikio tumesema baada ya mbaazi. Tulisema hivyo hivyo baada ya mahindi.

Juzi alikuja amechoka kuliko siku zote, mkanda wa mashine ulikuwa umekatika mara mbili. Akanawa, akakaa, akafumba macho. Wimbo ukaenda vizuri. Sello zikanyamaza, Nicodemo akanyamaza, violini zikaanza kupanda, na hapo hapo umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi. Kwenye stoo feni ikapumua, ikasimama. Ingekuwa laptopu, ingeendelea.

Mkono wa mke wangu ulikuwa bado uko juu, unaenda taratibu.

"Zipo?"

Nilisikia kengele za ng'ombe wa Gidamis wakirudi, na mtu mbali anapasua kuni. Zaidi ya hapo nyumba ilikuwa kimya kabisa.

"Zipo," nikasema.

Mkono ukapanda. Ukapanda tena, ukakaa huko juu, ukatetemeka kidogo, ukashuka. Alingoja kama anavyongoja kila siku, kisha akafumbua macho, akakiona kioo.

"Umekatika lini?"

"Sasa hivi. Zilipomaliza."

Alinitazama. Kwenye nyusi alikuwa na unga ambao maji hayakuufikia. Sijui alichokiona usoni kwangu; mimi sijui kuficha, yeye mwenyewe husema hivyo kila mara.

"Leo mwisho ulikuwaje?" akaniuliza.

Hajawahi kuniuliza mimi swali la muziki tangu anioe, maana ndivyo tunavyotaniana, kwamba yeye ndiye aliyenioa.

"Ulipanda vizuri," nikamwambia. "Haukutetereka popote."

Akatikisa kichwa akakubali. Tukabaki tumekaa pale, tukingoja umeme urudi.